Sura ya Tisa: Gari Lisilo na Sailensa

"Ondoa mkono hapo, Koplo!"

Koplo Musyoka aliganda. Ufunguo ulikuwa umeshaingia tunduni, mguu wake mmoja ndani ya teksi na mwingine bado uani mwa kituo cha polisi. Alitaka kulisogeza tu, alisema. Lori la maji lilikuwa njiani na hapakuwa na pa kulipitisha.

"Umeliwasha?"

"Bado, afande."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Haki ya Mungu."

Inspekta Kaltuma alishusha pumzi. Aliweka kiganja juu ya boneti ya ile teksi nyeupe, akaona bati lina umande na limepoa kabisa. Angechelewa kidogo tu, asubuhi yote ingekuwa imeharibika, na asubuhi yenyewe ilikuwa hii moja. Mahakama ikifunguliwa, Gona, mwenye teksi, angesomewa shtaka la wizi. Hakimu akiridhia ombi la polisi, angeteremshwa rumande Mombasa akae huko mpaka kesi isikilizwe, na kesi siku hizo zilikuwa hazina haraka. Nje ya lango, tangu adhana ya alfajiri, alikuwa amekaa mkewe Gona, Nyevu, na chupa ya chai mapajani. Hakuna aliyemruhusu kuiingiza, naye hakutaka kuirudisha nyumbani.

Kaltuma alikuwa amepokea kesi hiyo jana jioni tu. Ilikuwa ya Musyoka. Koplo Musyoka hakuwa mtu mbaya; ila alipenda kesi zake ziishe kabla ya chakula cha mchana, na hii aliimaliza mapema.

Mashine mbili za boti zilikuwa zimeibwa katika ghala la wavuvi kule Sabaki, kabla hakujapambazuka. Mlinzi wa ghala, Charo, alijificha nyuma ya rundo la madema ya kuvulia samaki. Gizani hakuiona rangi ya gari wala namba yake, lakini aliisikia sauti: gari lilinguruma kama trekta. Musyoka akapiga hesabu. Gari lenye kelele hivyo, sailensa yake imeoza au imeanguka. Akazunguka kwenye magereji ya Malindi akiuliza swali moja: hapa mjini ni gari la nani halina sailensa? Kwa Dena, fundi wa karibu na soko, akajibiwa bila kusitasita.

"La Gona wa Sabaki. Miezi kadhaa sasa halina sailensa."

Na nyumba ya Gona iko karibu na ghala, mtu akiita anasikika. Jioni hiyohiyo Gona alikuwa ndani.

Ni kweli kwamba teksi ilipoletwa kituoni ilikuwa na sailensa yake, nzima. Hilo halikumtikisa Musyoka. Gona ameweka nyingine upesi ili afiche, na anayeficha ni mwizi. Gona alipojitetea kwamba gari lake haliwezi kusimama likinguruma bila kukanyagiwa mafuta, Musyoka alilijaribu. Aliliendesha mwenyewe mchana kutoka Sabaki, akaliacha hapa uani likiwaka, nalo likatulia kama mwali aliyewekwa ndani. Basi Gona akawa mwizi na mwongo.

Jana usiku Kaltuma alimsikiliza Gona kwa subira, na neno moja lilimkaa sikioni.

"Umesema asubuhi. Asubuhi tu?"

"Asubuhi tu, afande, likiwa baridi. Likishapata moto halina neno."

Ndipo Kaltuma akatoa amri kwamba teksi isiguswe mpaka kuche. Amri ilimfikia kila mtu kituoni isipokuwa Musyoka.

"Lakini afande," alisema Musyoka sasa, akitoa ufunguo taratibu, "baridi gani Malindi? Huku hata maji ya bomba yanatoka ya moto. Baridi iko kwetu Machakos."

"Ni baridi ya injini, Koplo, si ya kwenu. Niletee tochi na gunia. Kisha kamwamshe mkuu wa kituo, na Land Rover ikamlete Dena."

"Mkuu atakasirika."

"Akasirike akiwa hapa."

Alitandika gunia, akajilaza chini ya teksi bila kujali sare yake. Musyoka aliporudi alimkuta bado huko, tochi ikipitapita kwenye bomba la moshi.

"Ingia, Koplo. Umesema hii imewekwa juzi?"

"Ndiyo, afande."

"Shika spana. Fungua hiyo boliti."

Musyoka alivuta. Alivuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kichwa cha boliti kilimeguka, kikamwangukia kifuani pamoja na vumbi la kutu. Chumvi ya pwani ilikuwa imekula vyuma vile kwa miaka, na kutu ya boliti, ya bomba na ya dumu la sailensa ilikuwa moja.

"Hii imefunguliwa juzi?"

Musyoka aliendelea kulala chini pale kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mkuu wa kituo, Bwana Randu, alitokea akiwa na fulana na mswaki mdomoni, uso umekunjana. Nyuma yake Land Rover ilimteremsha Dena, fundi mnene mwenye sauti kubwa, aliyeanza kujieleza kabla miguu haijagusa ardhi.

"Shikamoo, mzee. Bi Kaltuma, subalkheri. Mimi sina kosa. Niliulizwa, nikajibu."

"Hujashtakiwa, Dena," alisema Kaltuma akijikung'uta. "Wewe ulimwambia Koplo gari hili halina sailensa?"

"Nilimwambia, na leo nasema tena. Halina."

Musyoka alinyoosha mgongo kidogo, kama aliyerudishiwa haki yake.

"Inama uangalie chini," alisema Kaltuma. "Lile dumu katikati ya bomba ni nini?"

Dena aliinama, akatazama, akainuka. Alionekana kuogopa kwamba kuna mtego katika swali rahisi namna ile.

"Si dumu la bomba la moshi lile?"

"Na sailensa ni nini?"

"Sailensa ni gari kutulia, Bi Kaltuma. Unawasha, unatoa mguu, injini inanguruma yenyewe polepole. Hiyo ndiyo sailensa. Gari la Gona asubuhi halina. Ukitoa mguu, linazima."

"Ufundi umejifunza wapi?"

"Tanga. Na mafundi wako Tanga, wengine wanabahatisha."

Kaltuma alimgeukia Musyoka. "Na kwenu, Koplo, sailensa ni nini?"

"Ni..." Musyoka alielekeza kidole chini ya gari. "Ni lile dumu, afande."

Bwana Randu alicheka mpaka povu la dawa ya meno likamtoka, akaegemea teksi, akajifuta macho kwa ukosi wa fulana. Askari wawili waliokuwa wakifagia uani wakageuka upande wa pili ili wasionekane wakicheka. Kaltuma naye alijikaza, lakini moyoni alihisi mzigo umeanza kupungua. Mtu alikuwa amelala ndani kwa sababu fundi wa Tanga na koplo wa Machakos walikutana kwenye neno moja, kila mmoja akapita na maana yake.

Randu alitema povu, na kicheko kikaisha hapohapo.

"Nimecheka, lakini hakimu hatacheka. Mlinzi alisikia mngurumo. Gari linalotaka kuzima, mtu hulipiga mafuta lisizime, na likipigwa mafuta linanguruma. Umeniondolea ushahidi mmoja, Inspekta, ukaniletea mwingine unaomkaba Gona vilevile."

Kaltuma alikuwa akilingoja hilo.

"Ni kweli, afande. Lakini mafuta hukanyagwa kwa mguu. Nilikwenda kwa Charo jana. Anasema mlango wa dereva ulikuwa wazi, taa ndogo ya ndani inawaka, na kiti kitupu. Watu walikuwa wawili, na wote wawili wameinama chini ya mashine, wanabeba. Gari liliwangoja linawaka, hakuna mguu ndani."

"Labda lilikuwa limeshapata moto."

"Teksi ililala uani kwa Gona tangu magharibi. Hilo Koplo mwenyewe ndiye aliyelithibitisha, alipotaka kuonyesha kwamba Gona alikuwa karibu na ghala. Kutoka pale mpaka lango la ghala injini haiwezi kupata moto."

Musyoka alitikisa kichwa kukubali, shingo upande.

"Basi mimi ndiye nitakayewasha," alisema Randu. "Nisije nikaambiwa nilisimuliwa."

Aliingia na fulana yake, akavuta choki, kile kitufe cha kusaidia injini baridi kuwaka, akapiga stati. Injini ilishika, ikatetemesha gari zima mpaka vioo vikagonga milangoni, ikakohoa, ikazima. Akarudia, ikazima tena. Mara nyingine aliisindikiza kwa mguu ikapanda vizuri, lakini alipotoa mguu ikaanza kuyumba kama mgonjwa aliyesimamishwa kwa nguvu, kisha ikanyamaza.

"Lo!" alisema Randu.

Kaltuma alitaka kutabasamu, lakini mkuu wake alikuwa bado ameshika usukani na kufikiri.

"Na kama aliliharibu mwenyewe baada ya kuiba, ili apate hii hadithi?"

"Tuutafute ugonjwa, afande, tuone una umri gani. Lakini tuutafute sasa hivi. Injini ikipata moto haitatuambia kitu mpaka kesho, na kesho Gona yuko Mombasa."

Alimweka Musyoka kwenye kiti cha dereva. "Kanyaga kidogo tu, lisizime. Usizidishe." Kisha akainua boneti, akamwita Dena kando yake.

"Kabureta," alisema Dena bila kutazama. "Ina uchafu. Nimeisafisha mara nyingi."

"Ukishaisafisha, gari linapona?"

"Linapona kabisa."

"Mpaka lini?"

Dena alisita. "Mpaka kesho yake asubuhi."

"Na unalijaribu wakati gani?"

"Nikimaliza kazi. Jioni, baada ya kulizungusha mjini."

"Likiwa moto."

"Likiwa..." Dena alifunga mdomo. Kutoka kwenye kiti cha dereva Musyoka alitoa kichwa dirishani, uso wake umechangamka kidogo kwa kujua kwamba si yeye peke yake.

"Angalia mguu wako, Koplo!" alifoka Kaltuma. Kisha akamrudia fundi. "Plagi ni zilezile asubuhi na mchana?"

"Zilezile."

"Petroli?"

"Ileile."

"Na kabureta ni ileile. Hawa wote wapo kosa likitendeka na wapo mambo yakiwa salama. Siwataki. Nataka kitu ambacho gari likiwa baridi kipo, likipata moto hakipo. Ni kitu gani hicho, Dena?"

Dena alikuna kichwa kwa ncha ya bisibisi. Majigambo yalikuwa yamemtoka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa anafikiri kweli.

"Kinachopotea kwa moto ni upenyo," alisema polepole. "Chuma kikipata moto hutanuka. Kikitanuka, upenyo unajiziba." Aliinamisha kichwa karibu na injini, akasikiliza. "Bi Kaltuma, kuna pahali panavuta hewa."

"Panapovuta hewa utapajuaje?"

"Kwa oili. Penye upenyo patainywa."

Alichukua kopo la oili lenye mdomo mrefu, akaanza kudondosha tone kwa tone pembezoni mwa manifoldi, lile bomba lenye matawi linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini. Tawi la kwanza halikubadilisha kitu. La pili vilevile. Kaltuma aligusa kifuniko cha injini na kukuta kimeanza kupata uvuguvugu.

"Upesi, Dena."

Kwenye tawi la mwisho, lile la nyuma lililojificha kwenye bati linalotenga injini na viti, oili iliingia ndani na kupotea. Papo hapo mtetemeko ukapungua. Moshi wa buluu ukatoka nyuma ya teksi, askari waliokuwa wakifagia wakasogea kando wakipunga mikono.

"Toa mguu, Koplo!"

Musyoka alitoa mguu, akainua hata mikono juu ili aonekane. Injini haikuzima; ilinguruma yenyewe polepole. Wakasubiri. Oili ilipokwisha kunywewa, mtetemeko ulirudi, injini ikakohoa na kuzima.

"Pale pale," alisema Dena kwa kunong'ona.

"Fungua."

Nati zilitoka, manifoldi ikavutwa, na Dena akabandua kwa kisu gaskiti, kile kipande chembamba kinachoziba maungio. Haikuwa gaskiti ya dukani. Ilikuwa kartoni, imekatwa kwa kugongwagongwa nyundo pembezoni, na upande mmoja bado zilisomeka herufi za jina la sabuni ya kufulia. Kwenye tundu la mwisho ilikuwa imepasuka, na pale kwenye ufa palikuwa pamejaa masizi na vumbi gumu lililogandamana. Kaltuma alipakwaruza kwa ukucha, vumbi halikutoka.

"Ufa huu ni wa juzi, fundi?"

"Wa juzi? Huu una miezi. Vumbi halishiki hivi kwa siku moja."

"Na nani aliyekata kartoni hii?"

Dena alitazama mawingu. Kwa upande wa bahari, alikokuwa akitazama, hapakuwa na mawingu.

"Dena."

"Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, Bi Kaltuma! Maduka ya spea yamefungwa, Gona ana wageni wa kupeleka ufukwe wa Bofa, ananisimamia kichwani. Nikamwambia hii ni ya muda tu."

"Ya muda."

"Ndiyo. Halafu nikasahau." Alijaribu kujinyanyua. "Lakini tazameni ilivyovumilia!"

"Nyamaza," alisema Randu, lakini bila ukali. Aliichukua ile kartoni, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaisogeza puani, kisha akampa Kaltuma aitie kwenye bahasha ya vielelezo. Ramadhani ilikuwa imepita zamani. Gari hili lilikuwa likikataa kunguruma lenyewe asubuhi tangu mashine za boti zingali salama ghalani, na shahidi wa hilo alikuwa Dena, kwa maneno yaleyale aliyomjibu Musyoka.

"Mtoeni Gona," alisema Randu. "Na mimi nipeni shati."

Kaltuma alimtuma Musyoka mwenyewe akafungue mlango wa mahabusu. Alimwona akienda kwa hatua nzito, akamwona akirudi na mtu mwembamba aliyeshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulikuwa bado kaunta. Gona alisimama uani, akatazama gari lake lililofunguliwa tumbo, akamtazama mkuu wa kituo mwenye fulana.

"Nenda nyumbani, mzee," alisema Randu. "Tumekukosea."

"Mahakamani je?"

"Huendi."

Gona alirudia neno lile peke yake, polepole, kama anayelionja. Huendi. Lango lilipofunguliwa Nyevu hakupiga vigelegele wala hakukimbia. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa mumewe, akamtazama akinywa mpaka tone la mwisho, kisha ndipo akalia. Kaltuma alijifanya anatafuta kalamu.

"Mzee Gona," alisema Musyoka nyuma yao. "Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Gona alimrudishia Nyevu kifuniko cha chupa.

"Uliniuliza mambo mengi, Koplo. Hukuniuliza gari langu lina ugonjwa gani."

"Sikukuuliza."

"Basi yameisha."

Dena alilifunga gari asubuhi ileile kwa gaskiti ya kweli, akikaza nati kuanzia za katikati kwenda za pembeni, na Kaltuma alisimama juu yake mpaka ya mwisho. Teksi iliondoka na wenyewe ikinguruma vizuri. Lakini ilikuwa moto, na gari lile likiwa moto lilikuwa limewadanganya wengi. Kama limepona au la, hakuna aliyejua.

Alfajiri iliyofuata Kaltuma na Musyoka walikwenda Sabaki kuzungumza tena na Charo. Sasa walikuwa wakitafuta gari jingine: lile ambalo dumu lake limeoza kweli, na ambalo husimama likinguruma bila mtu. Walipokaribia kwa Gona, Kaltuma aliomba Land Rover izimwe nje ya ua. Alitaka kusikia, wakaingia kwa miguu.

Teksi ilikuwa uani, boneti bado ina umande, injini inawaka. Ilinguruma polepole, bila kutetemeka, bila kukohoa, na kioo cha mlangoni hakikugonga. Mlango wa dereva ulikuwa wazi na kiti kitupu.

Kaltuma alikuwa bado anaifurahia sauti ile mlango wa nyumba ulipofunguka kwa kishindo. Nyevu alitoka na leso moja tu, miguu mitupu. Aliwaona polisi wawili wamesimama uani kwake. Akaona mlango wa gari wazi na kiti hakina mtu. Uso ukambadilika.

"Mulungu wangu! Mmempeleka wapi tena?"

"Bi Nyevu, hatujamchukua, sisi tume..."

"Mume wangu yuko wapi?"

"Niko hapa," ilisema sauti ya Gona kutoka nyuma ya nyumba. Alijitokeza na debe la maji na kitambaa cha kuoshea gari begani, mikono yote miwili imejaa. "Niko hapa, mke wangu. Linanguruma lenyewe."

Nyevu alitazama gari, akamtazama mumewe, akatazama tena kile kiti kitupu. Akakaa chini kwenye mchanga wa uani, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Musyoka alikwenda kuzima injini ili wasikilizane.

"Usizime!" alisema Nyevu. "Liacheni. Liacheni tu lingurume, na wewe Gona njoo ukae hapa nikuone."